Anayeonja Kwanza

Siku hizi mpika mbege hana wa kumpikia, na mapipa yake ya pombe yanakinga maji ya ng'ombe. Sauti yake imekuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea kanisani ibada ikiendelea. Mikono tu ndiyo haijasahau kazi: kabla ya kumpa mtu kikombe, chochote kilichomo, hunywa yeye kwanza. Ndiyo desturi ya huku mlimani, mwenye pombe huonja mbele ya wageni ili wanywe bila wasiwasi. Siku moja tu hakuonja, kwa kuwa alikuwa ameng'olewa jino na yumo kwenye dozi. Siku hiyohiyo mzee Basili akapokea kata, akanywa, akaanguka, akafa. Hospitali walisema ni moyo. Lakini neno sumu lilikuwa limeshateremka mpaka Bomang'ombe, na aliyelitamka kwanza ni Theodora, jirani yake wa ng'ambo ya mfereji.

Leo Theodora amekuja na mkungu wa ndizi kichwani, akitaka kuomba msamaha. Kilichomtoka ni kuomba maji. Mpika mbege akachota, akanywa mafunda matatu huku akimtazama usoni, akafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la kanga, kisha akabaki amekishika.

"Ni maji tu, jirani," Theodora alisema, mkono ameunyoosha.

"Najua. Subiri kidogo kwanza, uone kama nitaanguka."