Feri Iliyoulizwa Kwao

Kabla ya kuwa fundi wa meli nilikuwa fundi wa kiwanda cha chai, na kusema kweli kazi hizo mbili hazipishani sana. Injini ya dizeli haijui kama iko juu ya kilima au juu ya maji. Kwa miaka saba nilitunza jenereta na mashine za kukaushia majani hapa Kericho, mpaka rafiki yangu wa chuo cha ufundi akaniambia kwamba kule Ghuba, Uarabuni, kuna feri inayotafuta mafundi wa injini kubwa, na hawabagui mwanamke. Nikatuma karatasi zangu bila tumaini lolote. Baada ya miezi michache nilikuwa nimesimama ndani ya meli na buti zangu za chuma, mtu ambaye hata kuogelea sijui.

Ilikuwa feri ya mwendo wa kasi, ya alumini tupu. Chini ilikuwa na matumbo mawili marefu membamba yaliyoachana, na juu yake yakaunganishwa na sitaha moja pana ya magari. Magari yaliingia kwa nyuma, abiria wakakaa ghorofa ya juu wakinywa soda. Haikuwa na panga la kuzunguka majini. Injini nne zilifyonza maji ya bahari na kuyatema nyuma kwa nguvu, na mzigo wote ule ukaruka kama gari lililopata lami mpya.

Likizo yangu ya kwanza nilimkuta mama nyumbani, kijijini Sigowet, akikamua ng'ombe. Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumsimulia. Alisikiliza huku akikamua, kisha akauliza, "Hiyo meli yenu ni mpya?"

"Hapana, Mama. Ilinunuliwa ikiwa imetumika."

Mikono yake ikasimama. "Ilinunuliwa kwa nani?"

"Sijui."

"Ilizaliwa wapi?"

"Meli haizaliwi, Mama. Inaundwa."

"Haya, iliundwa wapi? Na mwenyewe wa kwanza aliiuza kwa nini? Hakuna mtu anauza ng'ombe anayekamuliwa vizuri. Ama anapiga teke, ama ana ugonjwa, ama mwenyewe amepatwa na shida. Wewe unalala ndani ya kitu ambacho hujui kwao?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alirudi kwenye chuchu za ng'ombe wake, akakamua mpaka ndoo ikajaa.

Niliporudi kazini, maneno yake yalinifuata hadi chumba cha injini. Nikaanza kuchunguza. Kando ya mlango wa chumba cha nahodha kulikuwa na kibao kidogo cha shaba kilichofunikwa na rangi. Nilikikwangua kwa bisibisi: meli iliundwa Australia. Kwenye ngazi ya chini, mahali rangi ilipobanduka, niliona nyeupe yetu, chini yake nyekundu, na chini kabisa buluu. Wenyewe watatu. Katika vyoo vya abiria, nyuma ya kibandiko chetu, kulikuwa na maandishi ya lugha yenye vitone juu ya herufi.

Injinia mkuu, Mfilipino wa karibu miaka sitini, aliniona nikikwangua na akauliza ninaharibu nini. Nilipomweleza maswali ya mama alicheka hadi akavua miwani. Kisha akafungua kabati na kunitolea vitabu vya zamani vya kumbukumbu za meli na safari zake, vinene, vinavyonuka mafuta.

"Mimi niliikuta kwa mwenyewe wa pili," akasema. "Hayo mengine soma mwenyewe. Mwambie mama yako ana haki ya kuuliza."

Basi kila likizo nilipeleka nyumbani kipande kimoja. Nilimweleza mama kwamba mwenyewe wa kwanza alikuwa Ulaya ya kaskazini, kwenye baridi, na meli ilivuka mlangobahari mmoja kutwa kucha, miaka mingi, bila lawama.

"Sasa akaiuza kwa nini?"

"Serikali ilijenga daraja."

"Daraja!" Mama alipiga makofi. "Basi haikuwa na kosa!"

Mwenyewe wa pili aliipeleka visiwani, kwenye nchi za jua na zeituni. Huko iligonga gati siku ya upepo, ikabonyea puani, ikatiwa kiraka. Kiraka hicho nilikuwa nikikigusa kila nilipopita. Halafu mafuta yakapanda bei, meli ikafungwa kamba bandarini miaka miwili ikiota makombe ya baharini chini na kujaa kinyesi cha ndege juu, mpaka kampuni yetu ikaiona.

"Kovu si ugonjwa," mama aliamua. "Na kufungwa si kosa lake."

Habari hizi hakuzifungia nyumbani. Alizipeleka kituo cha kupimia majani, wanawake wakizisikiliza huku wakingoja lori. Mara nikipita njiani na mkoba wangu wa safari, bibi nisiyemjua ananisimamisha: "Ile meli ya daraja, haijambo?"

Mwaka wangu wa sita kampuni yetu nayo ikaiuza. Ilinunuliwa Dar es Salaam, nami nikawa miongoni mwa wachache waliopewa kazi ya kuifikisha. Tungesimama Mombasa siku mbili kuchukua mafuta. Nikampigia mama. Nilitaka tu kumwambia nitakuwa karibu.

"Siku gani?" akauliza.

Alifika kwa treni kutoka Nairobi, na sweta ya sufu katika joto lile, na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa, kifuani kama mtoto. Wakala wa meli alikuwa ameshamwombea kibali cha kuingia, lakini mlinzi wa geti alikiangalia kibuyu kwa mashaka.

"Mama, hapa ndani kuna nini?"

"Maziwa."

"Maziwa gani meusi hivi kwenye mdomo?"

"Ni mkaa wa mti wa senetwet, wa kusugulia kibuyu, wewe. Kwani wewe hukunyonya?"

Mlinzi wa pili, aliyekuwa ameketi kivulini, aliruka. Kumbe alikuwa wa kwetu, kutoka Longisa. Wakaanza kuongea Kipsigis hapo hapo, wakatafutana ukoo, na kabla hatujapita geti mlinzi yule alikuwa ameshaonja kikombe kimoja na kuapa kwamba ni dawa.

Mama alitembea sitaha ya magari kutoka nyuma hadi mbele, polepole, mkono wake ukiteleza ukutani. Kwenye kiraka alisimama akakibonyeza kwa kidole gumba. Kisha akamkabidhi injinia mkuu kibuyu kwa mikono yote miwili.

"Mwambie asante kwa kumlinda mtoto wangu," aliniambia. Nilitafsiri.

Injinia akanywa. Uso wake ulikunjamana, ukakunjuka, akanywa tena. "Mwambie yeye ndiye mtu wa kwanza kuja kuikagua meli hii vizuri," akasema. Nahodha naye akampeleka juu na kumwacha abonyeze honi. Ililia, ikasikika bandari nzima. Mama alishtuka akashika kifua, halafu akaibonyeza mara ya pili bila kuambiwa.

Dar es Salaam nilimkabidhi fundi mpya funguo, pamoja na daftari langu la habari zote za meli. Alisema atalisoma baadaye, lakini alilisoma pale pale, amesimama.

Asubuhi ya pili feri iliondoka na magari yake ya kwanza, nami nikabaki gatini na mkoba. Miaka sita nilikuwa chini ya sitaha yake, masikio yamezibwa, nikitazama geji. Sikuwahi hata siku moja kuiona ikikimbia. Ilitoka taratibu, ikageuka, kisha ikanyanyua pua, na maji meupe yakasimama nyuma yake marefu kuliko nyumba. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu.

Nikampigia mama. Alikuwa shambani, nilisikia majani yakikatika.

"Inakimbia?"

"Inakimbia, Mama. Haki inakimbia!"

"Vizuri," akasema. "Sasa panda basi uje. Mvua imenyesha, chai imezidi, na mikono yangu ni miwili tu."