Simu Mbili na Mguu wa Mama

Siku hizi nikiona mtu ameilaza simu kifudifudi juu ya meza ya hoteli, kamera zake tatu zikitazama dari ili sisi wengine tujue ni aifoni, nahama meza. Nasema hivi nikijua fika kwamba yangu niliilaza hivyohivyo kwa karibu miaka miwili, katika hoteli zote za samaki za Homa Bay. Mhudumu akiifunika kwa bahati mbaya na kitambaa cha kufutia meza, nilikuwa nakiondoa.

Kazi yangu ni kuchapisha programu za mazishi. Kwetu mtu hazikwi bila programu: picha kubwa mbele, historia ya marehemu ndani, halafu kurasa za harusi, ubatizo, na siku ile alipomtembelea mtoto wake Nairobi. Zamani wafiwa walikuja na picha kwenye bahasha. Sasa wanakuja na simu, na kwa miaka yote hii nimezitazama sura za marehemu kupitia kila aina ya simu iliyofika kando ya ziwa hili. Nilijiona fundi. Picha nilikuwa naitupia jicho mara moja nakuambia imepigwa na nini.

Zote zinaudhi, nisifiche. Kuna hizi androidi za bei ya chini zenye hamu ya kumpendezesha kila mtu. Bibi wa miaka themanini anatoka na ngozi ya msichana wa darasa la nane, makunyanzi yote yamefutwa, na wajukuu wanasimama kwenye kaunta yangu wakibishana kama huyo ni yeye. Au inatokea kinyume: mzee amekaa sebuleni, dirisha likiwa nyuma yake, na kwenye picha unaona shati na meno tu. Ukija kwa aifoni, picha zinafika katika faili ambalo kompyuta yangu kuukuu inakataa kulifungua, na mwenye simu ananitazama kana kwamba mimi ndiye mshamba. Mmoja aliwahi kuniambia, "Madam, hii ni aifoni," kana kwamba nilikuwa nimemuuliza. Mwanamke mwingine alikuja na aifoni ya marehemu mumewe, picha zote za maisha yao zimo ndani, na neno la siri alilijua mume peke yake. Tulitumia picha ya kitambulisho. Mume alizikwa akiwa na sura ya mtu anayesubiri kuitwa na polisi.

Ungedhani mtu aliyeyaona hayo yote angenunua simu kwa akili. Mimi nilinunua aifoni iliyotumika, mgongo wake una mkwaruzo, nikaivalisha kifuniko chenye tundu la kuonyesha nembo. Nilijiambia ni kwa ajili ya kazi, na kwa kiasi ilikuwa kweli. Picha ikija na giza, niliivuta kwa kidole kwenye kipimo cha mwangaza, giza likaondoka, marehemu akatokea na rangi yake ya udongo mwekundu, na wafiwa wakasema, "Ee, sasa huyo ndiye." Nilipenda sana kuambiwa hivyo.

Mama anaishi na mdogo wangu upande wa Migori, ndani kabisa kwenye miwa. Mdogo wangu ana androidi iliyopasuka pembeni, kioo kimeunganishwa na selotepu, na kwenye nyufa kuna unga wa mahindi uliogandia. Nilipokuwa nikienda nyumbani nilikuwa naishika kwa ncha za vidole viwili, kisha najipangusa kwenye sketi. Aliniona. Nilitaka anione, na hilo ndilo linalonitia kinyaa kuliko unga wenyewe.

Ajabu ni kwamba pale nyumbani simu yake ilikuwa inaishinda yangu kwa kila jambo. Yake ilikuwa na laini mbili, mtandao wa laini moja ukipotea anahamia wa ile ya pili. Mimi nilisimama kwenye kichuguu nyuma ya choo nikiinua mkono. Ilichajiwa kwa waya wa jirani yeyote. Waya wangu ulikuwa wa aina yake, nikiusahau Homa Bay, hakuna mtu hadi barabara kuu mwenye mwenzake, na kufika alasiri simu yangu ilikuwa kipande cha kioo tu. Yake ilikuwa na redio. Unachomeka spika za masikio, waya unakuwa antena, na Mama anasikiliza matangazo ya vifo na nyimbo za kanisa bila bando hata senti moja.

"Na yako haina redio?" Mama aliniuliza.

"Mama, simu za maana hazina redio," nilimjibu.

Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima. Alikuwa anaamini kila ninachosema kuhusu vitu vya mjini, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyesoma.

Mama ana ugonjwa wa sukari, na miguu yake ilikuwa imeanza kupoteza hisia. Siku moja alipita kwenye shamba lililokuwa limetoka kukatwa miwa, amevaa malapa, kisiki cha muwa kikapenya mpira na kumchoma chini ya kidole gumba. Hakusikia kitu. Mdogo wangu aliona damu kwenye sakafu, akaosha kidonda, akakifunga. Siku ya Jumanne wiki iliyofuata alinitumia picha.

"Sista, angalia hii kidole ya Mama. Naona ni kama inakuwa nyeusi. Mama anasema wewe ukisema aende hospitali ataenda. Mimi amekataa kuniskiza."

Nilikuwa dukani, mezani nina marehemu watatu wa kumaliza kabla ya Ijumaa. Niliifungua picha. Kidole kilikuwa cheusi, ndiyo. Lakini mguu wote ulikuwa na weusi fulani, na mkeka ulikuwa mweusi, na ukuta nyuma ulikuwa mweusi, na nilichokiona mimi hakikuwa kidole. Nilichokiona ni ile simu yenye selotepu.

Nilimwandikia: "Hiyo ni kamera yako. Hizo simu zinafanya kila kitu kuwa cheusi."

Halafu nikafanya jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka natamani kutema mate. Niliivuta ile picha kwa kidole, kama nilivyozoea kuwafanyia marehemu. Giza likaondoka. Mkeka ukawa wa kijani, ukuta ukawa wa udongo, na kidole gumba cha Mama kikawa cha rangi ya chai yenye maziwa, kizuri kabisa. Nikamrudishia na maneno haya: "Umeona? Kidole kiko sawa. Mwambie Mama asihangaike."

Kesho yake alituma nyingine. Nikamwambia amtoe Mama nje kwenye mwangaza. Alimtoa, akamketisha kwenye stuli katikati ya uwanja saa sita mchana, akapiga. Kidole kilikuwa vilevile. Nikamwambia afute lensi. Akafuta kwa kanga, akapiga, akatuma Alhamisi asubuhi, na safari hii aliandika neno moja tu: "Nimefuta." Sikumjibu hadi jioni, nilipomwambia nitakuja kuona mwenyewe. Nilikuwa na mteja aliyetaka marehemu kaka yake aondolewe chupa mkononi, na nilikuwa nafurahia kazi hiyo.

Mama mwenyewe, kama nilivyokuja kuambiwa, alikuwa ameonyeshwa ile picha niliyoing'arisha. Jirani zake walipomwambia aende hospitali aliwaambia mtoto wake mkubwa ameutazama mguu kwa mashine ya Homa Bay, na mashine imesema ni mzima.

Niliondoka Ijumaa baada ya kazi, nikalala kwa rafiki mjini Migori, nikafika nyumbani Jumamosi asubuhi. Sisi ni Waadventista, tunaosali Jumamosi. Mama yangu alikwenda kanisani siku tatu baada ya kujifungua, alikwenda akiwa na malaria, alikwenda barabara ilipokuwa maji hadi magotini. Jumamosi hiyo nilimkuta kitandani, kitambaa chake cheupe cha kichwa kikiwa kimekunjwa kitini. Kabla sijamwona nilikuwa nimeshaisikia harufu kutoka mlangoni. Sitaieleza. Nilitoka nje nikatapika nyuma ya jiko, kisha nikarudi, na badala ya kumshika mama yangu mkono nikatoa simu na kuupiga mguu picha.

Sijui nilikuwa natafuta nini. Nadhani nilikuwa natumaini aifoni yangu ingeona kitu kingine. Iliona kidole cheusi, na weusi umepanda hadi juu ya wayo, na pembeni kuna kijani. Mdogo wangu alisogea na simu yake, akafungua picha ya Alhamisi, akaiweka kando ya yangu juu ya blanketi. Weusi ulikuwa uleule kwenye simu zote mbili. Tofauti ilikuwa kwamba ya mdogo wangu ilikuwa imesema mapema.

"Sasa nifute lensi tena?" aliniuliza.

Nilikwenda kutafuta gari.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya uchovu. Aliufungua mguu, akauliza kidonda kina siku ngapi. Mimi nilianza kubabaika. Mdogo wangu hakubabaika; alimpa simu yake, na daktari akashika selotepu na unga bila kujipangusa popote. Picha zilikuwa zimepangana kwa siku zake: Jumanne, Jumatano, Alhamisi.

"Hizi zimepigwa vizuri," daktari alisema. "Hapa ya kwanza, hii tayari ilikuwa inaonekana. Mngekuja hiyo siku tungekata kidole pekee."

Aliendelea kusukuma kwa kidole, akafika kwenye ile niliyotuma mimi. Akasimama. Akaisogeza karibu na macho.

"Na huu mguu ni wa nani?"

Mdogo wangu alinitazama. Angeweza kusema, na angekuwa na haki ya kusema mbele ya manesi wote. Nilijibu mwenyewe.

"Ni huohuo."

Daktari alinikazia macho kidogo, kisha akarudisha simu kwa mwenyewe. Walikata chini ya goti siku ya Jumatatu.

Tangu siku hiyo mashindano ya simu yananitia kinyaa. Kwenye grupu ya familia binamu zangu bado wanabishana ipi ni bora, ipi ina kamera, ipi ni ya maskini, wanatumiana vikatuni vya kucheka, na mimi naona mguu kwenye kila ujumbe. Mteja akiweka aifoni kwenye kaunta kwa madaha, naichukua haraka bila kuitazama. Mwenye androidi iliyopasuka naye akianza kuomba msamaha kwamba "picha si poa sana, simu yenyewe ni hii tu," namkatiza kwa ukali ambao hastahili. Sijabadilisha simu. Watu wanadhani nitakuwa nimeiuza. Ninayo, naitumia, inazima alasiri kama kawaida. Simu haikunidanganya hata mara moja, na ningekuwa mwongo nikiitupa kana kwamba ilinidanganya.

Mama alirudi nyumbani na magongo. Hakunilaumu. Mdogo wangu hakumwambia kitu, na mimi sikumwambia. Kama miezi miwili baadaye nilikuwa nimekaa na Mama mlangoni, redio ikiimba kwenye simu ya mdogo wangu, akaniita kwa ile sauti anayotumia akitaka kuomba kitu kidogo.

"Nyathina, mtoto wangu, ile picha ya mguu wangu bado unayo?"

Nilimuuliza picha gani, ingawa nilijua.

"Ile nzuri. Ile uliyoipiga ukiwa Homa Bay. Sina picha nyingine ya huu mguu. Nichapie, mwanangu, niweke kwenye Biblia."

Nilirudi Homa Bay, nikafungua picha mbili kwenye kompyuta, ile ya mdogo wangu na ile niliyoivuta kwa kidole. Ningeweza kumchapia ya kweli. Ningeweza pia kumwambia nilichofanya. Nilichapa ile nzuri, kwenye karatasi nzito inayong'aa ninayotumia kwa jalada la marehemu, nikakata pembe zake kwa mkasi ili zisichanike haraka.

Aliipokea kwa mikono miwili. "Ero kamano," alishukuru, akaitazama sana, akapitisha kidole cha mkono juu ya kidole gumba kwenye karatasi. Sasa mgeni yeyote akija kumpa pole, Mama hufungua Biblia na kuitoa. Nimemsikia mara nne. Anamwonyesha mgeni mguu wake ulivyokuwa, kisha anainua kidevu kuelekea kwangu na kusema hii ilipigwa na simu ya huyu mkubwa, simu nzuri sana, si kama hii ya kwetu ya hapa nyumbani. Mdogo wangu huwa yupo, anammiminia mgeni chai. Mimi huwa naangalia chini.