Nywele Alizozijua Baba

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, na jana imenirudia nilipokukuta mbele ya kioo ukijipima rangi za nywele kwenye simu, mara dhahabu, mara nyekundu kama udongo wa barabarani. Ulishtuka ukaificha simu. Hukuwa na haja. Kaa hapa kibarazani, mimi nachambua kunde, wewe sikiliza habari za nywele za mama yangu.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu kule Buteba. Ukungu wa kwetu ukishuka, miamba yote huzama. Unamsikia ng'ombe wa jirani akicheua, humwoni. Unasikia mtu akikusalimia njiani, na wewe unaitikia hewa. Katika ukungu huo Mama alitoka chumbani mwake amejifunga kitambaa kichwani, akaniambia, "Nabwire, vaa viatu. Unipeleke kwa yule mwanamke anayekufundisha kazi."

"Kwa Athieno? Kuna nini, Mama?"

"Nataka kupaka nywele rangi. Nyeusi."

Nilikuwa binti mkubwa wakati huo, najifunza ususi na kuosha nywele katika saluni moja pale Busia mjini. Nilikuwa nimewaona wanawake wa kila namna wakija kupaka rangi: maharusi, wafanyabiashara, wake za askari. Mama yangu sikuwahi kumwazia kwenye kiti kile. Alikuwa mtu wa jembe na kanisa.

Tena kulikuwa na jambo lingine. Baba alikuwa amefariki, na mwaka wa msiba ulikuwa haujaisha. Siku ya kumaliza matanga walimnyoa Mama kichwa kizima, kama desturi ilivyotaka. Kichwa chake kilikuwa cheusi tii alipokaa kwenye mkeka kunyolewa. Nywele zilipoanza kuota tena, zikaota nyeupe. Zote, mwanangu, kama pamba. Na hakuwa mzee! Alikuwa bado anatoka mtoni na mtungi kichwani bila kuushika, anazungumza, anacheka na watu. Huzuni ilipita ndani yake ikatokea juu.

Sikumuuliza sababu. Kuuliza si ujinga, wamesema, lakini ukimwona mzazi wako ametazama pembeni namna ile, unavaa viatu.

Boda boda za siku zile zilikuwa baiskeli, na nyuma kuna kiti cha sifongo. Mama alipanda moja, mimi nyingine, tukashuka kuelekea mjini ndani ya ukungu. Baiskeli yake ilikuwa mbele yangu. Mara namwona mgongo wake, mara hayupo, nasikia kengele tu. Nilihisi kama tunasafiri mahali pasipo mji wala mpaka. Kisha malori yakajitokeza, yamepangana yakingoja kuvuka kwenda Kenya, na wanawake wanapita katikati na mabeseni ya samaki, na dunia ikarudi.

Athieno alikuwa mtu wa Rubongi, upande wa Tororo. Mwanamke mnene, wa polepole, aliyejua nywele kama mkulima anavyojua shamba lake. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mpakani, kimevunjika kila mahali lakini kinakufikisha.

"Karibu mama," alisema. "Nabwire nasema wewe nataka rangi. Leo hapana paka. Leo napima tu."

"Nimetoka mbali, binti yangu."

"Hata kama. Kichwa si ukuta." Akakoroga rangi kidogo sana, akampaka tone nyuma ya sikio. "Hii kitu iko na moto yake. Kama ngozi yako nakataa, itasema. Rudi siku ya soko."

Tukarudi nyumbani. Siku ya soko ilipofika sikio lilikuwa salama, halikuwasha wala kuvimba, basi tukaenda tena. Athieno akampaka mafuta mazito kwenye paji la uso na shingoni ili rangi isishike ngozi, akavaa glavu za mpira mikononi, akaanza kupaka kwa brashi, fungu kwa fungu. Mimi nilishika bakuli. Mama alifumba macho. Nje watu wa soko walikuwa wakipiga kelele, lakini ndani mle palikuwa na utulivu kama wa kanisa kabla ibada haijaanza.

"Mama," Athieno akauliza taratibu, bila mzaha, "ni nani huyo wewe nataka akuone?"

Mama hakufumbua macho. "Ni baba yao," alisema.

Brashi ikasimama.

"Nikilala namwona anakuja kwa njia ya mtoni, amebeba jembe begani. Nasimama pale atakapopita. Ananitazama kama unavyomtazama mama mzee usiyemjua. Ananiamkia kwa heshima, 'Mulembe, mama,' halafu ananipita. Anafika nyumbani anaanza kuniita, anaingia kila chumba ananiita kwa jina langu. Na mimi niko nyuma yake namwambia, ni mimi, geuka, ni mimi. Hasikii. Anamtafuta mwanamke mwenye nywele nyeusi. Aliniacha na nywele nyeusi."

Nililitazama bakuli nililoshika. Sikuthubutu kumtazama Mama. Athieno alichovya brashi yake, akasema, "Basi tupake vizuri. Mpaka kwenye mizizi."

Tulipomwosha, maji yalitoka meusi, yakatoka ya kijivu, mwishowe yakatoka safi. Athieno akamfuta, akampa kioo. Mama alijitazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, kama anayemwonyesha mtu mwingine, "Ndiye. Ndiye huyu."

Sasa, mwanangu, ujue kwamba boma letu lilikuwa na nyumba mbili zilizotazamana. Upande huu tulikaa sisi na Mama, upande ule alikaa Bibi, mama mzazi wa Baba. Tulipoingia uani, Bibi alikuwa anapepeta wimbi. Aliinua uso, akaona kichwa cha Mama, ungo ukasimama mikononi mwake.

"Kaburi la mwanangu halijaota nyasi," alisema, "na wewe umeshakuwa msichana."

Mama alipiga magoti, akamwamkia, akaingia ndani.

Kuanzia siku hiyo Bibi hakula tena chakula kilichotoka jikoni kwa Mama. Nilimpelekea ugali na mboga, nikarudishiwa kama ulivyo, umepoa. Mtoni wanawake walinyamaza nilipofika. Moyo wa mtu ni msitu, lakini watu hawapendi msitu, wanataka njia iliyonyooka; wakaona njia iliyonyooka ni kusema mjane yule amepata mwanamume.

Jumapili moja baada ya ibada, Baba Mkubwa Barasa akaja. Alikuwa kaka yake Baba, mtu wa koti na maneno machache. Tulikaa uani: yeye kwenye kiti, Bibi kwenye kigoda, Mama na mimi kwenye mkeka. Wadogo zangu wawili walitumwa malishoni na mbuzi.

"Shemeji," alisema Baba Mkubwa, "mjane anayejipamba ana safari. Kama unayo safari, sema, hakuna atakayekufunga kamba. Utarudi kwa wazazi wako, kule kijijini Kwapa, kwa amani. Lakini watoto ni wa boma hili. Watabaki."

Niliona mkono wa Mama ukishika ukingo wa mkeka. Hakujibu. Na ningewezaje kumlaumu? Ndoto ya mume ni kama chumba cha mume, haifunguliwi mbele ya mama mkwe na shemeji. Angenyamaza mpaka jioni, angenyamaza mpaka wamfungashie. Mimi nilikuwa mtoto wa kike, sikuwa na nafasi ya kusema katika kikao kile. Hata hivyo nilipiga magoti mbele ya Bibi, nikasema:

"Bibi, nisamehe. Hakuna mwanamume. Ni Baba. Anamjia usingizini, na hamtambui kwa sababu ya mvi. Anampita. Mama amepaka rangi ili Baba amtambue."

Kuku walipita katikati yetu, hakuna aliyewafukuza. Baba Mkubwa alikohoa, akatazama viatu vyake. Bibi alimgeukia Mama polepole sana.

"Amekuja kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Anatembea?"

Unielewe vizuri, mwanangu. Baba alikufa kwa ugonjwa wa miguu. Alilala kitandani msimu mzima, na Bibi ndiye aliyekuwa akimgeuza.

"Anatembea vizuri, mama," alisema Mama, na hapo sauti yake ikapasuka. "Amebeba jembe. Anatembea haraka hata simfikii."

Bibi aliziba mdomo kwa kanga yake. Alipoweza kusema, alisema, "Kwangu hajaja. Hata mara moja hajaja."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tulidhani amekasirikia rangi, kumbe mama huyu alikuwa analala kila siku anamngoja mwanawe, anaamka mikono mitupu.

Kisha akamtazama Baba Mkubwa. "Barasa, nenda nyumbani. Hapa hakuna safari. Tumemhukumu mtu kwa kichwa chake, hatukumuuliza analalaje. Na mimi ndiye niliyeanza, kwa hiyo usinijibu." Baba Mkubwa akainuka, akamshika Mama mkono, akasema, "Pole, shemeji," akaondoka zake na koti lake.

Jioni ile Bibi alikula ugali wa Mama. Alipomaliza kunawa akaniita karibu, akauliza kama anayeomba kitu cha aibu, "Nabwire, ile rangi inapatikana tena? Labda hata mimi ananipita njiani. Aliponizoea utotoni nilikuwa nazo nyeusi."

Nilimletea rangi kutoka kwa Athieno. Wadogo zangu walicheka, Mama akawanyamazisha. Bibi alitaka nimpake kichwa kizima papo hapo, lakini nilikumbuka maneno ya mwalimu wangu, nikamtia tone nyuma ya sikio kwanza. Kulipokucha sikio lilikuwa limevimba, jekundu, linawasha mpaka shingoni. Niliosha kwa maji na sabuni, nikaosha tena, nikiwaza ingekuwaje kama ningepaka kichwa chote, rangi ikamfika mpaka machoni.

"Bibi, haiwezekani. Ngozi yako imekataa."

Alikaa akitazama upande wa Tororo, ambako ule mwamba mkubwa huonekana siku isiyo na ukungu. Nilidhani atalia.

"Basi," alisema, "atanijua kwa sauti. Sauti haijaota mvi."

Na kila jioni, jua lilipoanza kulala, Bibi alisimama ukingoni mwa boma, pale njia ya mtoni inapoanza, akaita. Aliita jina la Baba kama alivyomwita enzi za kuchunga ng'ombe, analivuta, analipandisha mwishoni: "Wandera! Wanderaaa!" Sauti ilishuka bondeni ikatulia huko. Majirani walishtuka siku za kwanza, halafu wakazoea. Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Hata wale wanawake wa mtoni, walipojua habari, walisimamisha mitungi yao wakangoja amalize ndipo wapite. Mama alikuwa akitoka anasimama kando yake. Mmoja kichwa cheusi, mmoja kichwa cheupe, wote wameelekea njia moja.

Asubuhi moja nilimkuta Mama juu ya mwamba tunapoanikia mihogo. Alikuwa ameketi katikati ya vipande vyeupe, anacheka peke yake.

"Usiku baba yako alisimama," aliniambia.

"Akasema nini?"

"Alisema, 'Mbona hujaanua mihogo, na mvua hiyo inakuja?'" Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kiganja. "Nabwire, mgeni haambiwi hivyo. Anayeambiwa hivyo ni mke."

Hakupaka tena rangi. Weupe ulirudi kutoka kwenye mizizi kidogo kidogo. Athieno alipomuuliza kama arekebishe, Mama alimjibu, "Acha. Nitazeeka polepole mbele yake, anizoee." Na kweli, alizeeka polepole, katika nyumba ileile, na watoto wake.

Bibi je? Asubuhi moja alitoka kulala akaja kunywa uji kwetu, akashika kikombe kwa mikono miwili, akasema neno moja tu: "Amegeuka." Tukajua Baba ameisikia sauti yake. Jioni ile hakwenda ukingoni mwa boma. Alikaa nasi akitwanga karanga.

Basi, mwanangu, paka nywele zako. Ukitaka dhahabu, paka dhahabu. Ni kichwa chako, na ujana ni wako. Lakini usipake kwa haraka, maana haraka haraka haina baraka. Iwe ni nyumbani kwa mikono yako au saluni kwa mikono ya fundi, tia kwanza tone nyuma ya sikio, ungoje ngozi iseme. Ikikataa, itii, hata kama rafiki zako wote wamepaka na wewe utabaki ulivyo. Yupo akupendaye atakayekujua kwa njia nyingine.

Na ukikutana na mtu kichwa chake kikakushangaza, mzee amejipaka weusi au binti amejipaka rangi ya moto, usimsomee kesi moyoni. Hujui nani anampita usingizini. Kama una haki ya kumuuliza, muulize kwa upole, kama Athieno alivyouliza. Kama huna haki hiyo, msalimie, umwache apite.

Njoo nikushike kichwa. Mungu akulindie ngozi yako na jina lako. Akupe mume atakayekugombeza juu ya mihogo mkiwa wazee, na watoto watakaosema neno siku wewe utakaposhindwa kulisema. Akupe usingizi mtamu, na kila unayempenda akute mlango wa usingizi huo u wazi. Haya, nenda, mwanangu. Nenda kwa heri.