Mwimbishaji wa Kasaji

Mama Tshibola hakuwahi kushika bunduki wala kusoma gazeti. Siasa aliijua kwa miguu. Alikuwa mwimbishaji wa chama hapa Kasaji: kila asubuhi, kabla wafanyakazi wa reli hawajagusa spana, tulipangwa mbele ya stesheni, yeye akaanzisha wimbo wa kumsifu Mkubwa wa nchi, sisi tukaitikia na kuzungusha viuno. Nchi nyingine watu huanza kazi kwa chai. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa mbali wa Kasai kuja kutandika reli, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa nyuma ya karakana, na huko Kasai hakuwahi kukanyaga. Mimi nilicheza mstari wa pili, nyuma yake, kwa hiyo habari zake nazijua vizuri, hasa za upande wa mgongoni.

Msimamizi wetu alikuwa Mulumba, katibu wa chama, mtu mwenye tumbo la mbele na sauti ya kuamuru. Siku moja alishuka mgeni mmoja amejaa vumbi, na Mama Tshibola akamuuliza kwa adabu anatoka wapi. Kumbe alikuwa mkubwa fulani kutoka Kolwezi. Mulumba alimfokea mama wa watu mbele yetu sote.

"Mugeni hatumuulizi, tunamuchezea! Ukiona buti na bunduki, unaimba. Umesikia?"

Alisikia. Sote tulisikia.

Basi ikaja ile Machi ya mwaka sabini na saba. Redio ilikuwa inapiga rumba kama kawaida, lakini watu waliofika kwa baiskeli walisema Dilolo imetekwa, kwamba wenye silaha wamevuka kutoka Angola na hakuna aliyewaona wakija. Mulumba alituita, akacheka sana, akasema huo ni uvumi wa walevi. Jeshi letu, alisema, limeshawasaga hao wavamizi, na mashujaa watapita Kasaji asubuhi. Kikundi kiwe stesheni na sare za chama. Yeye angekwenda Kolwezi mara moja kuchukua bendera mpya. Akapakia kitanda, kabati, mbuzi na mke, akaenda kuchukua bendera.

Kulipokucha walitokea kweli, wakifuata reli kutoka upande wa Dilolo, wengine wakisukuma baiskeli. Walikuwa na buti. Walikuwa na bunduki. Mama Tshibola akainua mkono, ngoma ikalia, tukacheza kuliko siku zote. Tulimsifu Mkubwa wa nchi kwa beti zote, tukafika ule wa kuwaombea maadui zake wafe kama panya. Kiongozi wao, kijana mwenye ndevu chache, alisimama mdomo wazi.

"Mama," akasema alipopata pa kuingilia, akijinyooshea kidole kifuani, "bale maadui, njo sisi."

Ngoma ilinyamaza. Mimi nilijificha nyuma ya mgongo wake Mama Tshibola, sioni haya kusema. Mama Tshibola alimtazama buti, akamtazama bunduki, akajifuta jasho, kisha akamwita kijana yule baba.

"Ni sawa, tata. Basi mutuambie jina ya mukubwa yenu, tuiweke."

Kijana alicheka mpaka akakohoa, na wenzake wakacheka, ndiyo maana leo nipo nasimulia. Jina la mkubwa wao lilikuwa fupi, tukalivuta mkia likaenea kwenye wimbo. Kuanzia hapo tulicheza kila asubuhi kwa ajili yao, nyimbo zilezile, viuno vilevile. Baada ya muda redio ikaacha rumba. Sauti nzito ikatangaza kwamba nchi nzima iko vitani, kwamba tumevamiwa kwa hila, kwamba majeshi ya marafiki wa mbali yanakuja kwa ndege kutuokoa. Sisi tuliovamiwa tulizisikia habari hizo huku tukiwauzia wavamizi mihogo.

Mvua ziliisha, na wale vijana wakaondoka kimyakimya kama walivyokuja. Jeshi letu likaingia, na marafiki wa mbali wametangulia mbele yake. Tukacheza. Jina la zamani likarudi mahali pake bila shida.

Nyuma ya jeshi, akiwa juu ya lori, akarudi Mulumba. Bendera hakuwa nayo. Alikuwa na swali: nani aliutoa mji kwa adui? Mji hauwezi kuanguka tu, lazima awepo aliyeuangusha, na ni vizuri zaidi kama si katibu wa chama. Alihutubia sokoni kwa sauti kubwa, akasema ni watu wa kuja, hawa wa Kasai, waliowapokea wavamizi kwa ngoma. Warudi kwao. Majirani waliokuwa wakitamani nyumba za matofali za reli walipiga makofi zaidi ya wengine. Na sisi tuliocheza mstari wa pili, wa tatu na wa nne tulitazama chini.

Mama Tshibola hakulilia nyumba. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Kanku, aliyeolewa na kijana wa hapa na hivyo akaruhusiwa kubaki, na Kanku alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo limeshashuka. Mama alikwenda kwa Mulumba akapiga magoti.

"Tata Mulumba, muniache tu mutoto azae. Nimushike mara moja. Kisha nitaenda kwa miguu yangu."

"Gari ya moshi ni kesho," akajibu Mulumba.

Kesho yake walipakiwa kwenye behewa la mizigo, familia nzimanzima na masufuria yao. Alikuwemo mzee Tshibangu, mshika bendera wa reli, mtu mpole ambaye maisha yake yote aliyapitisha akiwaruhusu wengine kusafiri. Kanku alisimama kando ya reli, mikono kiunoni, akilia bila kujificha. Na ndipo likatokea gari la kamishna, aliyekuja ghafla kukagua mji uliokombolewa.

Mulumba akatupanga upesi. Tukasimama na sare zetu, ngoma tayari, na hakuna aliyejua kuanza. Miaka yote hiyo tulikuwa tunaitikia tu. Kamishna alikuwa anashuka. Mulumba akakimbilia behewa.

"Mama Tshibola, shuka kidogo. Mugeni amefika."

"Nikiimba, nitabakia?"

"Hapana. Unaimba, kisha unapanda."

Akashuka. Alikuja mbele yetu, akainua mkono, na akaanza. Ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho. Kisha, badala ya kufunga, akarudi mwanzo. Kamishna alipiga makofi. Akarudi tena mwanzo. Kamishna akaendelea kupiga makofi, maana jina la Mkubwa lilikuwa hewani, na anayeacha kulipigia makofi kwanza ataulizwa kwa nini. Askari waliolinda behewa walisimama wima kama sheria inavyotaka. Mulumba alimkonyeza Mama Tshibola, akamkunjia uso, akatikisa kidole chini ya mkono wa koti, lakini kumshika mwanamke katikati ya jina lile hakuthubutu. Jua lilituchoma. Mama Tshibola alikuwa anaimba huku akimtazama Kanku, machozi yanamchuruzika, na kamishna akafikiri ni uzalendo.

Dereva wa garimoshi, kule mbele, hakusikia wimbo wowote. Alikuwa na ratiba yake. Akapiga honi, akaondoka. Behewa lilipita mbele yetu na watu wake. Mzee Tshibangu alitupungia mkono. Yeye hakujua kuimba, ndiyo tofauti pekee, na mpaka leo nikiikumbuka hasira inanipanda.

Mabehewa yalipoishia kwenye kona, Mama Tshibola alifunga wimbo.

"Na wasaliti?" kamishna aliuliza, akijikausha shingo.

Mulumba akawahi kujibu, akimwita raia kwa Kifaransa kama chama kilivyotaka. "Bameenda bote, sitwayeni kamishna. Hata mumoja hakubakia."

Kamishna alifurahi. Akamshika Mama Tshibola mkono, akasema nchi inahitaji wanawake wa namna hii.

Mulumba hakuweza tena kumfukuza mtu ambaye yeye mwenyewe alikwisha kumtangaza kwamba amefukuzwa. Wiki ileile Kanku alijifungua msichana, na bibi yake akampokea kwa mikono yake, akampa jina la Mbuyi. Nyumba ya reli ilikuwa imeshachukuliwa na mpiga makofi mmoja, basi mama akahamia kwa binti yake. Sokoni Mulumba alikuwa akimwona, anageuza uso kama mtu aliyeona mzimu.

Ikafika siku mkubwa mwingine alikuwa njiani kutoka Kolwezi, na kikundi hakina mwimbishaji. Mulumba alikuja mwenyewe mpaka uani kwa Kanku, kofia mkononi.

"Mama Tshibola, tafadhali. Mugeni iko anakuya. Batu hawajue kuanza."

Mama alimgeuza mjukuu wake begani, akampigapiga mgongo taratibu.

"Mi niko Kasai, tata," akasema. "Ulisema weye mwenyewe."

Mtoto akacheua, naye akaingia ndani.