Muvi Niliyosema Nimeitazama Mara Mbili

Heri niwaambie mwenyewe, kwa sababu Isiolo si mji wa kuficha kitu na kila anayesimulia habari hii anaongeza chumvi yake: yule mwanamke aliyesimama mbele ya akina mama akawaambia wacheke, halafu mtu akapigwa risasi, ni mimi. Kendi, wa duka la dawa za mifugo. Sina wa kumsingizia.

Chanzo chake ni kitu kidogo hadi naona aibu kukitaja. Tuko watu wachache tunaopenda muvi, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunakaa nyuma ya hoteli moja pale Bulla Pesa, tunaagiza chai, kila mtu anasema wiki hiyo ameona nini, ipi nzuri, ipi imempotezea wakati. Kuna Ekal, fundi wa umeme, mtu wa maneno machache lakini ndiye mwenye projekta. Kuna Dahabo, mwalimu wa nasari, rafiki yangu tangu tukae dawati moja darasa la tano. Na kuna mimi, mwenye mdomo. Mtu alikuwa akija dukani kutafuta dawa ya minyoo ya mbuzi anaondoka na dawa pamoja na jina la muvi ya kutazama, na akirudi kunishukuru nilikuwa nafurahia zaidi shukrani za muvi kuliko za mbuzi. Nilijiona mtu. (Nicheke tu, nifanye nini.)

Sasa Jumapili moja Ekal akataja muvi ambayo watu walikuwa wanaisifu sana, ya huku kwetu kwenye ukame, kuhusu kijana anayetaka kuoa na ngamia wa mahari wanamtoroka kila wakati. Akaniuliza kama nimeiona. Ukweli ni kwamba nilikuwa nayo kwenye flashi, na nilikuwa nimeianza siku hiyo hiyo asubuhi, nikacheka kweli kweli dakika ishirini au thelathini, halafu joto likanishinda nikalala, nikaamka majina ya waigizaji yanapita kwenye kioo. Ningesema hivyo, tungecheka, basi. Lakini Ekal alikuwa ameniuliza kwa sauti ya mtu anayefikiri safari hii amenitangulia, na hicho ndicho sikuweza kumeza. Nikasema nimeitazama. Nikaona haitoshi, nikasema mara mbili. Halafu nikaanza kuichambua, mwanzo wake kwa macho yangu na mwisho wake kwa maoni ya watu niliyoyasoma kwenye simu, ambao wote walikuwa wanaandika kwamba ni tamu, inagusa moyo, usiikose. Mimi "inagusa moyo" nikaielewa kuwa ni harusi.

Dahabo alinisikiliza hadi mwisho. Tulipokuwa tunatembea kurudi nyumbani akanishika mkono, akaniambia anataka kumtoa mama yake nje.

Hapa lazima niwaeleze. Mama yake Dahabo tunamwita Mama Galgalo, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Galgalo alikuwa mchungaji, alikuwa na ngamia wa nyumbani upande wa Kipsing, na ulipotokea ugomvi wa malisho na maji alipigwa risasi akiwa anawanywesha. Mwaka ulikuwa haujaisha. Mama Galgalo alikuwa akiuza maziwa ya ngamia na wenzake tangu nikiwa mtoto, na ndiye aliyenifundisha kuyanywa yakiwa yamechacha bila kukunja uso, lakini tangu siku ile hakurudi sokoni. Alikaa ndani. Ukienda kumwona anakukaribisha, anakutilia chai, halafu anaangalia ukuta. Na sisi sote tuliendelea kumwita Mama Galgalo, tungemwita nani, kila salamu inamtaja marehemu.

Dahabo alikuwa amefikiria hivi: akina mama wa maziwa wakusanyike Jumamosi baada ya sala ya alasiri, katika darasa moja la nasari, Ekal alete projekta, watazame muvi ya kuchekesha. Mama yake angekataa sherehe, angekataa harusi, lakini kukaa mahali penye giza na wanawake anaowajua labda angekubali. Akaniuliza kama hiyo ya ngamia inafaa.

"Inafaa kabisa," nikasema.

Akasimama. Akaniangalia. "Kendi, hakuna kitu kibaya ndani? Unajua hali ya mama."

Hapo ndipo ninaporudi kila siku. Hatukuwa na watu, hakuna Ekal, hakuna wa kumwonyesha ujuaji wangu, ni mimi na rafiki yangu na barabara. Ningesema, ngoja niitazame tena vizuri. Nikasema, "Hakuna. Ni kicheko mwanzo hadi mwisho."

Na nilikuwa na wiki nzima. Nilijiambia nitaimalizia Jumatatu, Jumatatu nikatazama kitu kingine nilichokuwa nakifuatilia, Jumanne vivyo hivyo, Alhamisi nikajiambia muvi inayoanza vile haiwezi kwenda mahali pabaya. Ijumaa sikujiambia chochote.

Jumamosi ikafika. Madirisha yalikuwa yamefunikwa blanketi, mabati yanawaka, mikeka imetandikwa, akina mama kama thelathini wamekaa na chupa zao za chai. Mama Galgalo alikuja. Alipoingia wenzake wakampisha mbele kabisa, na mmoja akamshika goti na hakuliachia. Dahabo alikaa nyuma ya mama yake, akanitazama na macho yamejaa maji, akinishukuru. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitambaa cheupe kama mwenye muvi. Nilikuwa nimejipa kazi ya kuwafafanulia wale wasioelewa lugha ya mule ndani, na Ekal akanitambulisha kwamba huyu dada ameiona mara mbili, muulizeni lolote.

Mwanzo ulienda vizuri kuliko nilivyoota. Ngamia alipokimbia na godoro la bibi harusi mgongoni, darasa zima lilipasuka. Hawa ni watu wa ngamia, walikuwa wanamshauri kijana wa kwenye picha, wanamwambia anavuta kamba vibaya. Na Mama Galgalo alicheka. Alianza kwa kufunika mdomo na mtandio, halafu mtandio ukashuka, akacheka hadi akaegemea bega la mwenzake. Niliona Dahabo analia kwa furaha. Nami nikalewa sifa. Nikaanza kuwatangulia: subirini, huyu mzee sasa ataanguka. Wanacheka kabla hajaanguka.

Halafu dakika zangu zikaisha. Sehemu niliyoiona ilikwisha, na ningenyamaza pale hakuna ambaye angejua. Lakini mdomo ulikuwa umeshazoea. Kijana akatokea asubuhi, anapeleka ngamia kisimani, anaimba, muziki ni wa furaha, nami nikaona bila shaka ngamia atamsukuma majini. Nikapaza sauti.

"Hapa sasa," nikasema. "Shikeni mbavu, hapa ndipo pa kucheka kuliko pote."

Wakaanza kucheka. Kwa sababu mimi nimesema. Mlio ukasikika, kijana akaanguka kando ya maji, na bado walikuwa wanacheka, wengine walidhani ndiyo kichekesho chenyewe, hadi maji yalipobadilika rangi. Kicheko hakikukatika mara moja. Kilikufa kidogo kidogo, safu kwa safu, cha mwisho kikiwa cha mama mmoja mzee nyuma asiyeona vizuri. Kwenye picha mama wa yule kijana akaja anakimbia, akavua shuka lake, akaanza kumfunika.

Ekal alikimbilia kompyuta, akabonyeza, picha ikazimika lakini spika ziliendelea, kile kilio cha yule mama kikatujaa gizani hadi alipong'oa waya. Mtu akavuta blanketi moja dirishani.

Mama Galgalo alikuwa amesimama. Hakulia. Mtandio aliurudisha kichwani, akaupanga vizuri, akanigeukia.

"Kendi. Wewe umeiona mara mbili?"

Nilikuwa na njia mbili tu, na zote mnaziona. Nikisema sijaiona, mimi ni mwongo mbele ya akina mama thelathini. Nikisema nimeiona, basi nilijua kilichoko na nikamwambia acheke. Mtu mwenye akili angechagua uongo wa muvi uanguke. Mimi nilichagua kuulinda.

"Nimeiona, mama," nikasema. "Hiyo sehemu niliisahau."

"Uliisahau."

Alivaa viatu vyake mlangoni, wenzake wakamfuata, na Dahabo akapita mbele yangu ananitazama kama mtu anayetafuta uso anaoujua. Nilibaki na Ekal tunakunja mikeka. Yeye hakuniuliza kitu, na nilitamani aniulize.

Wiki hiyo sokoni walinibandika jina, Pa Kucheka. Wanawake walipita mbele ya duka wakilitaja kwa sauti ya chini. Hilo nilistahili na nililivumilia. Kilichonishinda ni lile neno nililosema, kwamba nilisahau, kana kwamba Galgalo, aliyekuwa akinibeba mgongoni kuvuka mfereji tukitoka shule, ni kitu cha kusahau. Siku ya nne nikaenda kwao kusema ukweli. Dahabo alitoka, akavuta lango nyuma yake, tukaongea nje.

Nilimwambia yote, dakika ishirini, usingizi, maoni ya simu. Alinisikiliza kama alivyonisikiliza siku ile hotelini.

"Mama alikuwa ameanza kukubali kwamba ulisahau," akasema. "Alisema mtu husahau, hata yeye kuna asubuhi anasahau kwa muda. Sasa niende nimwambie hukuwa na cha kusahau?"

Nikamwomba niingie nimwambie mwenyewe. Akakataa, bila hasira.

"Alicheka, Kendi. Tangu tumzike Galgalo ile ilikuwa mara ya kwanza. Sasa anasema Mungu alimwonyesha kwa nini hakupaswa kucheka. Hataki hata redio."

Akaingia, nikasikia komeo.

Baadaye niliitazama ile muvi yote, peke yangu, mlango nimeufunga. Ni nzuri, nasikitika kusema. Yule mama wa mwisho amechezwa na mtu anayejua anachofanya. Sikumwambia mtu. Ekal na wengine bado wanakutana Jumapili, wananiandikia nije, siendi. Mama Galgalo ameanza tena kutoka nje kidogo, kwa dawa za mbuzi anaenda duka la mbali zaidi, na tukikutana njiani namtolea salaam aleikum na yeye ananijibu, kwa sababu salamu lazima ijibiwe. Anaijibu yote, bila kupunguza neno, na anapita.

Mkinikuta dukani msiniulize muvi gani nzuri. Nitawaambia sijaiona, hata kama nimeiona.