Sara ya Kutundika Ukutani

Mama yangu hajawahi kupatana na herufi L. Miaka yote tuliyoishi ukimbizini Karagwe, na hii yote tuliyokaa hapa Kigali, kwake chakula ni chakura na kulala ni kurara. Mimi niliyecheza na watoto wa Kitanzania nilimtania tangu nikiwa na meno ya utotoni. Alikuwa ananijibu, "Wewe sema vizuri, mimi nitakura vizuri." Humu nitamnyooshea maneno yake, isipokuwa neno moja.

Zamani nilikuwa nachora vilima. Vilima, vikapu, ng'ombe wa pembe ndefu, na wanawake wenye vikapu wakipanda vilima. Wageni wanaokuja mikutanoni mtaa wa Kimihurura walivipenda hivyo hivyo, nami nilichoka navyo hadi mkono ukawa unafanya kazi peke yake. Halafu kanisani kwetu Kicukiro wakaniomba nipambe ukuta wa chumba cha watoto. Nikawachorea Musa na kijiti kinachowaka, na hapo ndipo jangwa liliponiingia.

Sijawahi kuona jangwa. Mtu wa nchi hii, ambako hata paa lisipofagiliwa linaota majani, anajua nini kuhusu mchanga? Lakini nilianza na anga, nikashuka kwenye mchanga, nikatia njia, na njiani, bila kuitwa, akatokea mwanamke mmoja anayekwenda zake, ametugeuzia mgongo. Mchungaji aliniuliza huyo ni nani katika habari ya Musa. Nikamfuta. Nilipochora Eliya alirudi. Nilipochora Yohana akila nzige alirudi tena, mbali kidogo, ukubwa wa kidole. Nilianza kumwogopa, nasema kweli, maana ni mkono wangu uliokuwa unamleta na mimi sikuutuma.

Siku moja mama alikuwa barazani anachambua maharage. Akasema, "Nichoree sara, ya kutundika juu ya kitanda. Magoti yananiuma siku hizi, nataka niwe na kitu cha kutazama."

Mimi nikasikia Sara, mke wa Ibrahimu. Kichwa kilikuwa kimejaa Biblia wakati huo. Nikaona mama naye ameanza kuipenda kazi yangu, nikafurahi kama mjinga. Wiki tatu nilijifungia chumba cha nyuma. Nilimweka Sara mlangoni pa hema, mzee, mikono ameikunja kifuani. Na yule mwanamke wangu wa mgongo hatimaye nikampa jina: akawa Hajiri, mjakazi aliyemzalia Ibrahimu mtoto Sara alipokosa wa kwake, kisha Sara akataka afukuzwe. Nilimvika kitenge cha manjano. Nikamtembeza peku, viatu ameshika mkononi, na mkono wa pili nikamshikisha mtoto.

Nilimpelekea mama Jumapili baada ya ibada. Aliitazama picha muda mrefu, bado amevaa nguo zake za kanisani.

"Nilisema sara," akasema. "Ya kumwomba Mungu."

Nilicheka sana. Nikamwambia, "Mama, L yako leo imeniua, wiki tatu zangu hizo zimekwenda na maji." Hakucheka. Alikaa kitandani taratibu, akanyoosha kidole mpaka karibu na rangi.

"Nani alikuambia alibeba viatu mkononi?"

"Nani huyo, Mama?"

"Na hicho kitenge. Nani alikuambia?"

Nikasema hakuna aliyeniambia, ndivyo ilivyokuja tu. Mama yangu halii mbele ya mtu. Midomo yake ilikuwa inatikisika, nikadhani ni ugonjwa, nikataka kumletea maji. Akanishika mkono.

"Kila kitu umeweka sawa, mwana wanjye," akasema. "Mtoto tu ndiye umekosea. Hakuondoka na mtoto."

Alinieleza akiwa ameinamisha uso. Kule Karagwe walikuwa na msichana aliyewapikia. Mama alikuwa ameolewa miaka kumi na moja bila kupata mtoto, na marehemu baba akazaa na yule msichana. Wakaishi wote nyumba moja, hadi, mimi nikiwa sijatimiza miaka minne, mama akachoka kuniona nikikimbilia magoti ya mwingine. Akamwambia aende, mtoto abaki. Msichana akavua viatu aviache, kwa kuwa mama ndiye aliyemnunulia, halafu akageuza mawazo, akaviokota, akaondoka navyo mkononi. Kilikuwa kiangazi, njia nzima ni vumbi.

"Ulikuwa umesimama mlangoni," mama akasema. "Nilidhani umesahau."

Nilikasirika. Siku nne sikumsemesha, na katika nyumba ya vyumba vitatu hiyo ni kazi kweli. Nilimkasirikia kwa sababu ya yule msichana, nikamkasirikia zaidi kwa sababu nilikuwa bado nampenda, na siku ya nne alipokohoa usingizini niliamka kumfunika kama kawaida. Asubuhi aliniuliza, "Utaendelea kuniita Mama?" Nikasema sijui jina lingine.

Nilipanda basi nikavuka mpaka wa Rusumo, nikaenda kumtafuta yule msichana. Nilichokuwa nacho ni jina moja la ubatizo, ambalo Karagwe wanaitwa nalo wanawake wasio na idadi. Nyumba yetu imekuwa duka la mbolea. Jirani mmoja alikikumbuka kitenge. Mwenye kitenge, alisema, alielekea barabara ile, akanionyesha, na barabara ilikuwa kama barabara nyingine yoyote. Nilisimama pale mpaka basi la kurudi likanipigia honi.

Tangu hapo sichori kitu kingine. Watu wanasema nimekuwa mlokole, wengine wanasema nimeshauriwa na wanunuzi wa Kizungu. Nawaacha waseme. Kwenye picha ya mama nilimwondoa mtoto njiani nikamsimamisha mlangoni pa hema, kando ya Sara. Mama ndiye aliyeomba itundikwe palepale juu ya kitanda, na hapo ndipo anaposali, magoti yake mabovu juu ya mto. Nimeona mara nyingi anachotazama. Hamtazami Sara.

Lakini majangwa yangu yote yana kasoro ileile: yule mwanamke hageuki. Namchora kwa mgongo kwa sababu mgongo ndio niliouona. Juzi nilichoka nikasema leo atageuka. Nikaegemeza kioo changu cha kunyolea kwenye mkebe wa rangi, nikaanza na nilichonacho: masikio yangu, paji langu, mashavu yangu bila ndevu. Nilikuwa nimefika puani mama alipoingia na chai. Nilitaka kufunika turubai, nikachelewa. Akasimama nyuma yangu na kikombe mkononi, nikaona kwenye kioo anautazama ule uso. Nilijua nikigeuka ataondoka, kwa hiyo sikugeuka.

"Pua yake ilikuwa nyembamba kuliko hiyo," akasema.

Nikachukua kitambaa, nikaifuta pua.