Shina la Claudine

Theodosia wa marehemu Ndayisaba huonja majani ya sukari kabla ya chai, kabla hata hajapiga mswaki. Nimekuwa jirani yake hapa milimani Kasulu kwa miaka ishirini, na sijaona mtu mwenye ulimi mkali namna ile, kwa majani na kwa watu.

Majani yale, stevia, tuliletewa na watu wa mradi. Walitugawia mbegu, tukapanda, na miche ikatoka kila mmoja na tabia yake: huu mtamu, huu mchungu kama shubiri, mwingine mtamu ukitafuna na mchungu ukimeza. Mradi ulipoondoka tuling'oa tukapanda maharage. Hata mimi. Theodosia peke yake aliuona ule mchanganyiko kuwa mali. Mche mtamu aliufunga ukanda wa mgomba wenye fundo moja. Usioacha uchungu kooni, mafundo mawili. Uliovuka kiangazi bila kumwagiwa maji, matatu. Kila mwaka alikusanya mbegu, akapanda, akaonja upya. Miaka saba, jamani! Tulimcheka mpaka tukachoka.

Mwaka wa saba likatoka shina moja la mafundo matatu, tamu kuliko yote. Akaliita Claudine, jina la wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwenye duka la nafaka pale mjini. Mawifi wale walikuwa na utani wao.

"Nimekupa somo, wa jina lako," Theodosia alimwambia mbele yangu. "Angalau sasa tuna Claudine asiye na maneno."

Claudine alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akaomba vipandikizi kumi, akakatiwa ishirini. Akavifunga kwenye kitenge akaondoka kimya, na ndivyo inavyotakiwa. Wazazi wao walitoka Burundi, na kwao ndugu akikupa mbegu husemi asante. Asante huiua mbegu. Hiyo ni ya kumpa mtu baki.

Mwaka jana wanunuzi wa majani waliitisha mkutano Kasulu mjini. Walitaka aina moja tu, iliyo bora, na mtu mmoja wa kuwaoteshea wakulima wote miche. Theodosia alivaa gauni la kanisani, akabeba tawi lake la mafundo matatu. Tulipoingia tulimkuta Claudine amekaa mbele, miche tele imepangwa miguuni pake.

"Aina hii inaitwaje?" mnunuzi aliuliza.

"Claudine," alijibu. "Nimeihangaikia miaka saba."

Theodosia alisimama. "Wifi, sema vizuri. Shina hilo limetoka shambani kwangu."

"Ulinisaidia kupalilia, sikatai." Claudine hakumtazama. "Lakini shina lina jina langu. Nani ahangaike miaka saba, halafu aipe kazi yake jina la mtu mwingine?"

Watu wakacheka. Nilisimama nikasema mimi nilikuwepo, nikaulizwa kama kuna karatasi. Karatasi, kati ya mawifi! Kazi ya miche akapewa Claudine, na Theodosia akaondoka na tawi lake. Njiani alitembea mbele yangu, na tulipofika kijitoni akakaa juu ya jiwe.

"Ningeliita hata Mbuzi," alisema. "Jina nililompa kwa mapenzi ndilo alilonichinjia." Akalia waziwazi. Nami nilitamani kurudi nikamng'oe Claudine nywele, na sioni haya kulisema.

Mwaka huu wanunuzi wakataka mbegu za kupeleka Kibondo. Claudine akaliacha shamba lake lichanue, akavuna, na mbegu zote zikawa mapepe, maganda matupu. Mtaalamu akamweleza kwamba mimea yake yote imekatwa kwenye shina moja, ni kama mtu mmoja tu, na mmea huu hauzai mbegu kwa chavua yake wenyewe. Unataka aina nyingine jirani yake. Na aina nyingine ziko wapi, wakati sisi wote tulizing'oa? Zimebaki kwa mtu mmoja.

Akaja Jumamosi asubuhi, kitenge kilekile begani.

"Wifi, nigawie mashina mengine. Bila mbegu, hawa watu wanahamia kwingine."

Nilimkonyeza Theodosia amfukuze. Yeye akachukua kisu, akapita mstari kwa mstari, akakata aina saba na kila moja akaifunga ukanda wenye mafundo yake. Zilizokuwa bora, si takataka. Nilitaka kupasuka. Claudine akafunga kitenge, akageuka aondoke kimya kama siku ile.

"Hujasema kitu," Theodosia alimwambia.

Claudine akaganda. "Wifi, unajua sisi hatusemi."

"Sema."

"Vitakufa!"

"Huenda. Sema asante."

Claudine alinitazama mimi, kana kwamba ningemwokoa. Nikaangalia migomba. Kisha nikamsikia, kwa sauti ndogo: "Asante."

Theodosia alifuta kisu kwenye khanga yake, akamjibu kama wanavyojibu sokoni.

"Karibu tena, mteja."